Sura ya Sita: Faili Hili ni la Nani?

Laptop ninayoandikia sura hii niliiwekea Debian mwaka 2015, toleo la 8, lile lililopewa jina la jessie. Tangu siku hiyo sijaifuta na kuanza upya hata mara moja. Diski nimebadilisha mara mbili, betri mara tatu, kibodi mara moja baada ya kumwagikiwa chai, lakini mfumo wenyewe ni ule ule. Ulipanda kutoka jessie kwenda stretch, ukaenda buster, bullseye, bookworm, mpaka ukafika trixie ya Agosti 2025.

Nikiwaambia wenzangu hivyo hawaamini. Wamezoea kwamba kompyuta ikishatimiza miaka miwili mitatu inakuwa nzito, mwenyewe anaipeleka kwa fundi, fundi anachomeka flashi, anapiga Windows upya, na maisha yanaanza tena. Wengi waliohamia Linux walihama na mazoea hayo mkononi. Mfumo ukijaa wanafuta kila kitu, na pamoja na vumbi wanatupa miaka ya mipangilio waliyoijenga wenyewe kwa kukesha. Mimi nashikilia kwamba hakuna haja hiyo. Mfumo wa Linux ukitunzwa unaweza kuishi kuliko chuma kilichoubeba.

Kwanza niondoe dhana moja. Faili lililolala kwenye diski bila kuguswa halipunguzi kasi ya kitu chochote. Programu uliyoiweka mwaka 2018 ukaisahau, kama haina huduma inayowaka chinichini, haigusi prosesa wala RAM, imekaa tu. Ubaya wake uko kwingine. Inakula nafasi, na siku nafasi ikiisha hata kuingia kwenye mashine kunaweza kuwa taabu. Ikiwa ni huduma inayosikiliza mtandaoni, basi ni mlango wa uani ulioachwa wazi na mwenye nyumba ameshasahau kwamba nyumba ina mlango upande huo. Lakini linaloniuma zaidi ni kutojua ulicho nacho. Unafungua /etc, unakuta folda ishirini usizozitambua, huthubutu kugusa hata moja. Hapo mfumo umeshakuwa wa mtu mwingine, na wewe ni mpangaji tu ndani yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari, husema wenye maduka. Sijapata maneno mafupi zaidi ya kueleza kazi ya kusafisha Linux. Watu wengi wakianza kusafisha huuliza faili lipi ni kubwa. Ukubwa ni swali la pili. La kwanza ni: faili hili ni la nani? Nani alilileta, na bado yupo?

Linux inaweza kukujibu, kwa sababu ina daftari. Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, uliliwekea jambo hili mkazo tangu mapema: programu ifike ikiwa imefungwa kwenye kifurushi, na kifurushi kikifika kiandikwe. Chombo kinachoandika kinaitwa dpkg. Ian Jackson alikiandika upya kwa lugha ya C mwaka 1994. Baadaye ikaja APT, iliyotoka na Debian 2.1 mwezi Machi 1999, na kazi yake ni kwenda sokoni, yaani kwenye hazina za mtandaoni, kukuletea kifurushi unachokitaka pamoja na vyote kinavyovihitaji. Ubuntu na Linux Mint zimesimama juu ya msingi huo huo, kwa hiyo ninayoyasema hapa yanawahusu wanaozitumia. Fedora na ndugu zake wana daftari lao liitwalo rpm. Amri ni nyingine, fikra ni ile ile.

Daftari la dpkg ni maandishi ya kawaida, yanasomeka kwa macho. Fungua terminali uandike:

less /var/lib/dpkg/status

Utaona aya baada ya aya, kila kifurushi na aya yake: jina, toleo, ukubwa, vitu kinavyovitegemea, na mstari mmoja unaoanza na neno Status. Kifurushi kilicho hai mstari wake husomeka install ok installed. Endelea kushuka taratibu. Kwenye mfumo wa siku nyingi utakutana na mistari inayosomeka deinstall ok config-files. Hao ni marehemu ambao vyombo vyao bado vimo ndani ya nyumba: programu imeondoka, mipangilio yake imebaki. Kuwaona wote kwa mkupuo mmoja, andika:

dpkg -l | grep ^rc

Mara ya kwanza kuandika hivyo kwenye laptop hii, miaka minne baada ya kuiweka, orodha ilijaza skrini na kuendelea. Kulikuwa na seva ya hifadhidata niliyoijaribu wiki moja nikaiacha, programu za printa niliyokwisha kuiuza, kerneli za zamani, na maktaba za enzi ya jessie zilizokwisha kupata warithi wenye majina mapya. Nilizisoma moja moja. Karibu kila mstari ulinikumbusha kazi fulani, na nikagundua kwamba nilikuwa nikitembea na historia yangu ya ufundi bila kuifungua.

Mistari hiyo inatokana na tofauti ya amri mbili. apt remove huondoa programu na kuacha mipangilio yake iliyo /etc. apt purge huondoa vyote viwili. Kuna wanaolalamika kwamba remove hufanya kazi nusu nusu, na lawama hiyo siikubali. Programu unaweza kuirudisha kwa dakika mbili. Mipangilio uliyoihangaikia usiku kucha haiko kwenye hazina yoyote duniani, iko kwako tu. Waliotunga dpkg waliheshimu jasho la mtumiaji, wakamwachia yeye neno la mwisho. Unapokuwa na uhakika, APT ya kuanzia toleo la 2.0 la mwaka 2020 inakuruhusu kuwafanyia usafi wote waliobakiza mipangilio:

apt purge '~c'

Lakini soma orodha kwanza. Baadhi ya vifurushi vya hifadhidata, ukivifanyia purge, vinaweza kuondoka na data yenyewe, si mipangilio peke yake. Vingi huuliza kabla ya kufanya hivyo, na mtu aliyechoka hubonyeza ndiyo bila kusoma.

APT nayo ina daftari lake la pili, dogo, kwenye /var/lib/apt/extended_states. Humo huandikwa nani alikuja kwa kualikwa na nani alikuja kwa kufuatana na mwingine. Umeomba programu ya kuhariri picha. Nayo ikaja na maktaba ishirini. Programu ndiyo mgeni wako. Zile ishirini ni wafuasi wake. Siku ukimtoa mgeni, wafuasi wanabaki sebuleni, na amri ya apt autoremove ndiyo inayowasindikiza nje, mradi hakuna mgeni mwingine anayewahitaji.

Ni amri nzuri, na imewahi kunitoa jasho. Mazingira ya kazi kama GNOME huletwa na kifurushi-mwavuli, ambacho chenyewe kitupu, kazi yake ni kuwashika wengine kwa mkono. Nilitoa programu moja tu iliyokuwa chini ya mwavuli huo kwa sababu siitumii. Mwavuli nao ukaondoka, kwa kuwa mmoja wa walio lazima kwake hayupo. Wiki iliyofuata nikaandika apt autoremove na kuona orodha ndefu kupita kawaida: APT ilikuwa ikiniuliza kwa adabu kama iondoe nusu ya kila ninachokiona kwenye skrini. Kwake yeye wote wale walikuwa wafuasi wasio na mgeni. Bahati yangu ni kwamba nilisoma. Dawa ni kuwapandisha cheo wale unaowataka, wawe wageni kwa haki yao wenyewe, kwa apt-mark manual ikifuatiwa na jina la kifurushi. Tangu hapo sijawahi kubonyeza Y kwenye autoremove kabla ya kufika mwisho wa orodha, hata kama mtu amesimama mlangoni ananisubiri.

Kerneli za zamani nazo ziko kwenye kundi hili. Kila sasisho la kerneli huleta nyingine mpya na kuiacha ya zamani, kwa sababu ya usalama: mpya ikigoma kuwaka, unarudi kwenye ya jana. Kwenye mashine zilizowekwa kwa usimbaji wa diski nzima, folda ya /boot huwa na kizigeu chake peke yake, na zamani kilikuwa kidogo, robo ya GB hivi. Kerneli tatu nne zikikaa humo pamoja na faili zao za initrd, ambazo kila moja hula makumi ya MB, nafasi inakwisha katikati ya sasisho na dpkg inabaki imekwama mguu ndani mguu nje. Usiingie /boot kufuta kwa mkono. Daftari litasema kitu kipo wakati hakipo, na hapo utakuwa umeharibu kitu cha thamani kuliko nafasi. Uliza kwanza unatumia ipi kwa uname -r, kisha mwambie APT aondoe ile kongwe kwa jina lake. Yenyewe apt autoremove huacha inayotumika sasa na ya karibuni zaidi, kwa hiyo anayeiendesha mara kwa mara hafiki huko.

Vifurushi vinavyoshushwa mtandaoni huhifadhiwa kwenye /var/cache/apt/archives, na apt clean hufagia vyote. Wengi huandika amri hiyo kila wiki kama dawa. Nataka kuwatetea kidogo waliokuwa hawaifanyi. Kuna miaka ambayo bando la MB mia tano lilikuwa la kupimia kama sukari, na mafaili yale ya .deb tuliyabeba kwenye flashi kutoka mashine moja hadi nyingine. Aliyeyafuta alionekana mfujaji. Kama bado unasimamia maabara ya kompyuta kumi mahali ambapo intaneti inasuasua, akiba ile si takataka hata kidogo, ni ghala. Uamuzi ni wa mwenye ghala. Ujue tu kwamba amri ya apt siku hizi hufuta kifurushi mara baada ya kukiweka, wakati apt-get ya zamani hukiacha.

Sasa nihamie kwenye kisa kilichonifundisha zaidi ya vitabu. Nilikuwa nikiangalia seva ya maktaba ya shule moja ya sekondari, mashine ya mezani iliyowekwa chini ya kaunta, yenye Ubuntu na programu ya kuandikisha vitabu. Asubuhi moja nikapigiwa simu na mkutubi, mama wa makamo anayezipenda kumbukumbu zake kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Shikamoo mama," nilimwambia nilipofika.

"Marahaba mwanangu. Mashine imegoma. Mtoto anarudisha kitabu, nikiandika haikubali, inaniambia haina nafasi. Nafasi gani, na vitabu vyenyewe havimo ndani yake?"

Nikaandika df -h. Diski ilikuwa imejaa asilimia 100. Nikashuka na du kutafuta mnene ni nani:

du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Mnene alikuwa /var, ndani yake /var/log, na ndani yake faili moja la logi lenye GB 31. Programu ilikuwa ikikosea jambo lile lile kila sekunde na kuliandika kila sekunde, kwa miezi. Hakukuwa na mpangilio wa logrotate wa kulikata faili hilo, na aliyepaswa kuuweka nilikuwa mimi. Nikalifuta kwa rm. Nikavuta pumzi. Nikaandika df -h tena.

Asilimia 100.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Bado mama."

Nikaandika du, du ikasema folda ya logi sasa ni nyepesi. Nikaandika df, df ikasema diski imejaa. Daftari mbili, hesabu mbili, na GB 31 hazionekani popote. Nilikaa pale dakika nyingi kuliko nitakavyopenda kukiri, huku watoto wakijipanga na vitabu mkononi.

Maelezo yake ni haya, na ukiyaelewa umeielewa Linux kwa sehemu kubwa. Kwenye mifumo ya jamii ya Unix, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Faili ni inodi pamoja na vipande vya diski inavyovishika. Jina ni kibao tu kilichopigiliwa kwenye folda kikielekeza kwenye inodi hiyo. Faili moja linaweza kuwa na vibao viwili au vitatu. Amri ya rm haifuti faili, inang'oa kibao. Kerneli huachia nafasi pale tu ambapo kibao cha mwisho kimeng'olewa na hakuna programu inayoendelea kulishika faili hilo likiwa wazi. Programu ya maktaba ilikuwa imelishika. Nilikuwa nimeng'oa kibao mlangoni, lakini mwenye chumba alikuwa bado ndani anaandika.

Amri ya kumwona ni lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi lakini hayana jina tena. Lilikuwa pale, mstari mmoja, ukubwa wake kamili, na mbele yake neno la kuonyesha limefutwa. Nikaiwasha upya huduma ya maktaba, na df ikashuka hadi asilimia 34 papo hapo. Mama akarudisha kitabu cha kwanza kwenye foleni. Siku hizi nikikuta logi iliyovimba na programu yake haiwezi kusimamishwa, silifuti. Nalitoa utumbo kwa truncate -s 0 na kuliacha jina lake mahali pake. Kisha naenda kuandika mpangilio wa logrotate kabla sijafanya kitu kingine.

Logi za systemd zina ukomo wao wenyewe: kwa kawaida hazivuki asilimia 10 ya diski, wala GB 4. journalctl --disk-usage hukuambia zimefika wapi, na journalctl --vacuum-size=200M huzipunguza. Kwenye seva sizipunguzi sana. Logi ya mwezi uliopita ndiyo shahidi wako siku mtu akivunja mlango.

Kwa kuwa nimeshataja inodi, kuna ujazo mwingine unaowapoteza watu. df -h inasema nafasi ipo tele, lakini mfumo unasema haipo. Andika df -i. Mfumo wa mafaili wa ext4 huamua idadi ya inodi siku unapoumbwa, kwa kawaida moja kwa kila KB 16, na baadaye haiongezeki mpaka mfumo wenyewe utanuliwe. Folda yenye mamilioni ya mafaili madogo madogo humaliza inodi wakati diski ingali nusu. Na kinyume chake kipo: ext4 hujitengea asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, ili mfumo upumue hata ukijazwa. Kwenye diski ya TB 1 iliyowekwa picha na video tu, hizo ni GB 50 zilizolala bure. Amri ya tune2fs -m 1 hukurudishia nyingi. Kwenye diski ya mfumo usiziguse.

Yote hayo yako ndani ya eneo ambalo dpkg inalijua. Nje yake kuna maeneo ambayo daftari halifiki, na huko ndiko uchafu wa kweli unakoota. La kwanza ni nyumbani kwako. APT haivuki kizingiti cha /home, hata kwa purge. Programu uliyoiondoa miaka mitano iliyopita bado ina folda yake ndani ya ~/.config, nyingine ~/.local/share, na nyingine ~/.cache. Hiyo ya mwisho unaweza kuifuta yote bila hofu, kwa sababu kilichomo ni cha kutengenezwa upya. Mbili za kwanza zifungue uangalie, maana humo zimo nywila zilizohifadhiwa, barua, na kazi ambazo hukujua zinakaa hapo.

La pili ni /usr/local, ambako huenda kila kitu ulichokijenga mwenyewe kutoka msimbo kwa make install. Muulize dpkg kuhusu faili lolote la huko, kwa dpkg -S na njia ya faili, atakujibu hamjui mwenyewe. Nilijifunza kuacha kumwaga vitu huko. Ninachokijenga mwenyewe nakiweka chini ya /opt, kila kimoja na folda yake yenye jina na mwaka, ili siku ya kukitoa nitoe folda moja. Wapenzi wa Python walikuwa wachafuzi wakubwa wa eneo hili kwa pip, mpaka Debian 12 ya mwaka 2023 ilipoanza kuikataza pip kuweka vitu kwenye mfumo moja kwa moja na kuwaelekeza watu kwenye mazingira ya pembeni. Wengi walikasirika. Mimi nilishukuru.

La tatu ni la Docker, Snap na Flatpak, njia za kuweka programu nje ya APT. Kila moja ina daftari lake, na kila moja ina fagio lake: docker system prune kwa konteina zilizosimama na picha zilizokosa jina, flatpak uninstall --unused kwa maktaba zilizobaki. Snap huweka toleo la zamani la kila programu pembeni ya jipya. Amri ya snap list --all huonyesha yaliyozimwa.

Sijataja bado amri ambayo wengi huanza nayo, rm -rf. Nimeiacha nyuma makusudi. Mwaka 2011, mradi wa Bumblebee, uliowasaidia wenye laptop za NVIDIA, ulitoa hati ya usimikaji yenye mstari wa kufuta folda moja ndogo ndani ya /usr/lib. Baada ya /usr pakaingia nafasi moja tupu, kidole kimegusa kibodi mara moja zaidi. Kwa macho ya mashine mstari huo sasa ulikuwa na anwani mbili, na ya kwanza ilikuwa /usr nzima. Waliouendesha walipoteza karibu kila programu waliyokuwa nayo.

Majina ya matoleo ya Debian yenyewe, jessie, buster, trixie, yametoka kwenye filamu za Toy Story, kwa kuwa Bruce Perens, aliyeuongoza mradi miaka ya 1990, alikuwa mfanyakazi wa Pixar. Na huko huko Pixar, mwaka 1998, mtu aliendesha amri ya kufuta mahali pasipostahili, na mafaili ya Toy Story 2 yakaanza kutoweka mbele ya macho ya watengenezaji. Nakala za akiba nazo zilikuwa hazifanyi kazi, bila mtu kujua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, ambaye alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwake kwa sababu alikuwa amejifungua na alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kwa sababu hiyo, kila nikitaka kusafisha, kwanza nachukua nakala ya /etc, ya /home, na orodha ya apt-mark showmanual, naziweka kwenye diski ya nje, kisha nafungua faili moja kutoka kwenye hiyo nakala kuhakikisha linafunguka. Ndipo naanza.

Usafi wenyewe naufanya mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya kupanda toleo. Baada ya kupanda kwenda trixie niliandika amri ambayo huiacha ya mwisho:

apt list '~o'

Hiyo huorodhesha vifurushi vilivyomo kwenye mashine lakini havipo tena kwenye hazina yoyote. Hivi ni vya kuogopa kuliko marehemu wenye mipangilio, kwa sababu hivi viko hai, vinafanya kazi, na hakuna anayevitengenezea viraka vya usalama. Orodha ya jessie kwenda stretch ilikuwa ndefu. Safari hii ilikuwa mistari michache, yote ya ukoo mmoja: python2.7 na maktaba zinazoibeba. Python 2 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020, na Debian iliiacha nje kuanzia bookworm.

Niliitazama mistari hiyo nikajua ni ya nani. Mwaka 2009 niliandika programu ndogo kwa Python 2 ya kuweka hesabu za duka la baba, na aliitumia hadi 2016 alipofariki. Mafaili yake yamehifadhiwa kwa namna ambayo programu ile tu ndiyo inayoyasoma. Nina daftari langu mwenyewe, faili la maandishi liitwalo daftari.txt ndani ya /root, ambamo kila kitu nilichokiweka kwa mkono kina mstari wa tarehe na sababu. Nilifungua nikaongeza mstari: "python2.7 na maktaba zake. Hesabu za duka la baba. Isiendeshwe ikiwa kwenye mtandao. Iondolewe hesabu zikishahamishwa." Kila Jumapili nahamisha miezi michache kwenda kwenye jedwali la kawaida. Nimefika Machi 2013, mwezi alioanza kuuza mchele wa Kyela.